Alumini imepashwa moto na bado inapasuka: mpaka wa bati uko wapi, na kompyuta ihesabu nini?

Swali. Hapa Changamwe, Mombasa, tunakandamiza vifuniko vya matangi ya boti kwa bati la alumini 5083-O (aloi ya alumini na magnesi, iliyolainishwa), unene mm 1.5. Kifuniko ni mm 300 kwa 200, kina mm 70, pembe zake zina radiasi ya mm 40, na mdomo wa kalibu radiasi ya mm 6. Likiwa baridi, bati linapasuka kwenye pembe likifika mm 45. Tukapasha vyote, bati, kalibu na panchi (chuma kinachosukuma bati ndani ya kalibu), hadi nyuzi 250 za Selsiasi. Likafika mm 52 likapasuka tena, safari hii ukutani, juu kidogo ya pua ya panchi. Kompyuta inasema hakuna hatari yoyote. Tuliipa jaribio moja la kuvuta la nyuzi 250, pamoja na mstari wa mpaka wa bati baridi, yaani mchoro wa kiasi bati linavyoweza kuvutwa kabla halijaharibika. Kijana wetu aliyetoka chuo anasema tuongeze modeli ya vitundu ya Gurson, inayohesabu vitundu vidogo vinavyokua ndani ya bati hadi lipasuke. Tuongeze? Na mpaka wa kweli tuupate vipi?

Jibu. Ndugu, Gurson ingoje kwanza. Kwa maelezo yako, kinachowapasulia bati ni joto lililowekwa mahali lisipotakiwa, na kompyuta iliyopewa namba zisizojua kasi wala kupoa kwa bati. Vitundu vina nafasi yake na nitavifikia, ila mkivitia sasa mtapata modeli itakayosema ndiyo pale mnapotaka iseme ndiyo, kisha iwadanganye kwenye kifuniko kinachofuata.

Tazameni ufa ulivyohama. Kifuniko hiki kinavutwa kama sufuria inavyovutwa kutoka bati la duara. Ukingo ulio chini ya kibanio, bamba linaloushika usikunjike, unalazimika kuingia ndani, na nguvu yote ya kuuvuta inapita ukutani, ikishikwa na pua ya panchi. Ukuta ndio kamba. Kina mtakachofikia kinategemea ukingo unakataa kwa kiasi gani na kamba inabeba kiasi gani. Mlipopasha kila kitu, ukingo ulilegea na kamba nayo ikalegea. Vitabu vya aloi vinaipa 5083-O nguvu ya kukatika ya karibu megapaskali 290 katika joto la kawaida, na karibu 115 ikifika nyuzi 260. Namba hizo za moto hupimwa baada ya bati kukaa muda mrefu kwenye joto na kuvutwa polepole, hivyo msizitie kwenye kompyuta. Zitoshe kuonyesha kwamba kamba yenu imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Milimita 7 mlizoongeza ndizo faida iliyobaki baada ya hasara hiyo.

Kwa hiyo joto liwekwe kwenye kalibu na kibanio, panchi ibaki baridi. Nitarudi kwenye vipimo vya mtambo, kwa sababu kompyuta haiwezi kuwashauri juu ya hili kabla haijajua bati linafanya nini likipata moto.

Bati baridi la alumini na magnesi hujilinda kwa kukakamaa. Mahali palipoanza kukonda panakuwa pagumu zaidi, kazi inahamia jirani, na mkonde unasambaa. Kipeo cha kukakamaa, tunachokiandika n, kwa 5083-O baridi ni karibu 0.3. Kasi ya kuvuta haisaidii kitu. Kipeo cha kasi, m, kiko karibu na sifuri au chini yake kidogo, ndiyo maana bati hizi zikivutwa baridi huota michirizi usoni. Mkifika nyuzi 200 hadi 300 mambo yanageuka. Kukakamaa kunayeyuka, kwa kuwa joto linarekebisha ndani ya bati kile ambacho mvuto umekivuruga, na m inapanda. Sasa kinachozuia shingo, yaani mkonde wa mahali pamoja unaotangulia ufa, ni kasi: mahali panapoanza kukonda panavutika haraka kuliko jirani, na bati la moto hukataa kuvutwa haraka.

Kwa kukokotoa, sheria rahisi inaandikwa hivi:

mkazo = K × (mnyumbuko)^n × (kasi ya mnyumbuko)^m

Mkazo ni nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba. Mnyumbuko ni kiasi bati lilivyorefuka kulinganisha na urefu wake wa mwanzo, katika kipimo cha logi. K ni namba inayobeba nguvu ya bati lenyewe. K, n na m zote zinabadilika na joto. Ukiwa na m ya 0.08, kuongeza kasi mara kumi kunapandisha mkazo kwa asilimia 20. Ukiwa na m ya 0.02, kwa asilimia 5 tu. Jaribio moja la kuvuta, kwa kasi moja, haliwezi kuionyesha m hata kidogo, na programu nyingi zikikosa taarifa hiyo huichukulia kuwa sifuri. Hilo ndilo tundu la kwanza katika hesabu yenu.

Uzito wa m unaonekana kwa hesabu ya karatasi. Mwaka 1967 Marciniak na Kuczyński walipendekeza tufikirie kwamba bati lina mfereji mwembamba tangu mwanzo, kisha tufuatilie lini mfereji huo unakimbia peke yake na kuliacha bati lililobaki. Chukua bati ambalo upana wake umezuiwa, kama ukuta wa kifuniko chenu, na tuondoe kukakamaa kabisa ili tuone kazi ya kasi pekee. Mnyumbuko ambao bati la nje ya mfereji hufikia kabla ya shingo ni:

mpaka = −m × ln(1 − f^(1/m))

ambapo f ni unene wa mfereji ukigawanywa kwa unene wa bati. Kwa f ya 0.99, m ya 0.02 inatoa mpaka wa karibu 0.02, m ya 0.08 inatoa 0.17, m ya 0.15 inatoa 0.41, m ya 0.3 inatoa zaidi ya 1. Sasa rudi kwenye m ya 0.08 na ushushe f iwe 0.98, yaani dosari ya asilimia 2 badala ya 1: mpaka unaanguka kutoka 0.17 hadi 0.12. Mkwaruzo wa kalibu, bati lenye unene usiolingana, au alama ya kucha ya kibanio, kila kimoja kinawapunguzia karibu theluthi ya uwezo. Mistari ya mpaka iliyochapishwa haijui hali ya bati lenu.

Basi pimeni. Fungu dogo linalofaa ni joto nne, yaani la kawaida, 200, 250 na 300, kwa kasi tatu, 0.001, 0.01 na 0.1 kwa sekunde, kila moja mara tatu. Hayo ni majaribio 36 kwa upande bati lilivyopitishwa kwenye rola. Kwa pande za nyuzi 45 na 90 kasi ya 0.01 pekee inatosha, mara tatu kwa kila joto, mengine 24. Jumla 60. Kwa kipande chenye urefu wa kupimia wa mm 50, kasi hizo ni mm 3, 30 na 300 kwa dakika. Maabara ya uhandisi yenye mashine ya kuvuta na tanuri dogo la kuzunguka kipande inaweza kufanya kazi hiyo; anzieni kuulizia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor. Bati likifika joto, lipeni dakika 2 hadi 5 litulie, na zote ziwe sawa kwa kila kipande, maana 5083 inaendelea kubadilika kadiri inavyokaa motoni.

Msipime joto la alumini kwa bunduki ya miale. Alumini safi inayong'aa hutoa miale kidogo mno, chini ya sehemu moja kwa kumi ya kile ambacho uso mweusi ungetoa, na bunduki iliyowekwa kwa uso wa kawaida itasoma chini sana. Fundi akiona 160 ataongeza moto, kumbe bati limeshapita 300. Tumieni themokapo, waya wa kupimia joto kwa kugusa, ya aina ya K iliyobanwa kwenye bati lenyewe. Kama lazima mpime kwa mbali, pakeni doa la rangi nyeusi inayostahimili moto, kisha mlinganishe doa hilo na themokapo.

Mkitaka m kwa njia ya mkato, fanyeni jaribio la kuruka kasi: vuteni kwa mm 3 kwa dakika, na katikati ya safari pandisheni ghafla hadi 30. Someni mkazo kabla na baada. Ukitoka megapaskali 120 ukafika 143, m ni ln(143/120) ukigawanya kwa ln(10), yaani karibu 0.076. Fanyeni hivyo kwenye mnyumbuko wa 0.05 na tena 0.15, kwa sababu m haitulii mahali pamoja.

Je, kasi gani ndiyo yenu? Presi ya haidroliki ikishuka mm 20 kwa sekunde, inamaliza mm 70 kwa sekunde 3.5. Ukuta ukivutika 0.3 katika muda huo, kasi ya mnyumbuko ni karibu 0.09 kwa sekunde. Mkishusha presi hadi mm 2 kwa sekunde, ni 0.009. Mnaona kwa nini nimechagua kasi zile tatu. Naka na Yoshida walichapisha mwaka 1999 majaribio ya kuvuta vikombe vya 5083 kwa joto na kasi mbalimbali, na katika moto kina kilipungua kadiri kasi ilivyoongezeka. Kwenye joto la kawaida hawakuona hivyo. Presi ya haidroliki inayoweza kwenda polepole ni mali katika kazi hii.

Tundu la pili katika hesabu ni kudhani bati lote liko nyuzi 250 mwanzo hadi mwisho. Bati la mm 1.5 lina akiba ndogo ya joto: kushusha mita ya mraba moja kwa nyuzi 1 kunahitaji karibu jouli 3,850. Hewani, karakana ikiwa nyuzi 30, bati litokalo tanurini hupoteza chini ya nyuzi 2 kwa sekunde; mkilibeba kwa sekunde 5 limeshuka kama 8, hasara inayovumilika. Likigusa chuma baridi ni habari nyingine. Kwa mgusano unaopitisha wati 3,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, ambao ni wa kawaida chini ya shinikizo, mwanzoni linashuka kwa nyuzi 170 katika sekunde moja. Baada ya sekunde 1.3 hivi, karibu theluthi mbili za tofauti ya joto imekwisha. Presi yenu inachukua sekunde 3.5. Kwa hiyo joto na umbo vihesabiwe pamoja, hatua kwa hatua, na programu ipewe kiwango cha mgusano kinachopanda shinikizo linapopanda. Kiwango hicho kipatikane kwa kubana kipande chenye themokapo kati ya mabamba mawili ya chuma na kuandika joto linavyoanguka.

Tundu la tatu ni msuguano, nalo nitalipita upesi. Oili ya kawaida ikifika nyuzi 250 inatoa moshi, inakauka, na inaweza kushika moto, hivyo kiwango cha msuguano cha 0.05 au 0.08 ambacho programu huwekewa kwa mazoea hakipo tena. Jaribuni 0.1, 0.15 na 0.2 mwone ufa unavyohama. Kama jibu linageuka kwa msuguano pekee, pimeni msuguano kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa mpaka wenyewe. Mstari wa mpaka ni mchoro wa minyumbuko miwili ya uso wa bati, mkubwa na mdogo, unaoonyesha shingo inapoanzia. Unapatikana kwa kubonyeza vipande vya upana tofauti, kutoka kama mm 30 kiunoni hadi mm 200 kamili, kwa panchi ya nusu tufe ya mm 100, njia ya Nakajima. Au kwa panchi bapa, njia ya Marciniak. Kiwango cha ISO 12004-2 kinaeleza namna ya kusoma mpaka kutoka pande mbili za ufa. Kwenye moto napendelea panchi bapa, kwa kuwa eneo linalopasuka haligusi chuma, na joto lake linajulikana. Mistari ya kupimia msiichore kwa wino, itaungua. Ichongeni kwa umeme na dawa, miduara ya mm 2 hadi 2.5, bila kwenda ndani kiasi cha kuwa dosari yenyewe.

Mpaka huo si mstari mmoja. Ni uso mzima: mstari kwa kila joto na kwa kila kasi. Kuchukua mstari wa bati baridi na kuulinganisha na minyumbuko ya bati moto, kama mlivyofanya, ni kupima kwa rula ya mtu mwingine. Jibu linaweza kuwa kali mno mahali pamoja na legevu mno pengine. Hata mstari sahihi wa nyuzi 250 hautoshi, kwa sababu sehemu ile ile ya ukuta inaanza moto ukingoni, inapinda mdomoni mwa kalibu, kisha inapoa.

Njia ninayowashauri, na ningeiweka mbele ya modeli yoyote ya kifahari, ni kujumlisha visehemu. Katika kila hatua ndogo ya hesabu, chukueni mnyumbuko ulioongezeka, mgawanye kwa mpaka wa joto na kasi na mwelekeo wa wakati huo, kisha mjumlishe. Ikifika 1, shingo imeanza. Mfano: sehemu imevutwa 0.12 ikiwa nyuzi 250 ambako mpaka wake ni 0.40, hiyo ni 0.30. Ikapoa hadi 150, ambako mpaka ni 0.25, ikavutwa 0.10 tena, hiyo ni 0.40. Jumla 0.70. Mkiangalia mnyumbuko wa mwisho pekee, 0.22, na mstari wa nyuzi 250, mngedhani mmetumia zaidi kidogo ya nusu ya uwezo. Namba hizi ni za kuonyesha tu jinsi hesabu inavyokwenda. Kwa kazi ya karakana wekeni kikomo cha 0.8, ili unene wa bati na hali ya kilainishi vipate nafasi ya kuyumba.

Majaribio ya mpaka ni ghali. Fanyeni matatu ya upana kwa joto mbili: ule unaovutwa upande mmoja, ule uliozuiwa upana, na ule unaovutwa sawa pande zote. Mapengo yajazeni kwa hesabu ya Marciniak na Kuczyński mkitumia K, n na m mlizopima. f ndiyo namba pekee mnayoruhusiwa kuichezea, na mara nyingi huangukia kati ya 0.99 na 0.998. Ikiwataka mshuke hadi 0.95 ili ikubaliane na majaribio, kosa liko kwenye m au kwenye umbo la mkazo mliochagua, yaani sheria inayosema bati linaanza kunyumbuka lini likivutwa pande kadhaa kwa pamoja. Kwa alumini, sheria ya Hill ya 1948 haifai sana, maana bati hizi hukonda upesi kuliko zinavyopungua upana, na sheria hiyo hukosea pale bati linapovutwa pande mbili. Kama programu inayo Yld2000-2d ya Barlat, tumieni hiyo. Majaribio ya pande tatu niliyotaja yanaipa sehemu kubwa ya inachohitaji.

Hapo ndipo tunafika kwa vitundu. Mwambieni kijana wenu kwamba wazo lake ni zuri, ila linajibu swali jingine. Shingo ni kukosa uthabiti: bati zima linabeba, mahali pamoja panakimbia, na vitundu huenda bado ni vichache. Kupasuka ni vitundu kukua na kuungana. Kwenye ukuta wenu, shingo inakuja kwanza, na shingo inaamuliwa na K, n, m na joto. Vitundu vinashika usukani mahali ambapo shingo haipati nafasi: kwenye kipindo kikali, kwenye ukingo uliokatwa kwa mkasi wa mashine, pale bati linaposhurutishwa kukatika kwa kuteleza, na kwenye uvutaji wa polepole sana juu ya nyuzi 400, ambapo vitundu huota kwenye mipaka ya chembe. Mdomo wenu wa mm 6 kwa bati la mm 1.5 unaweka mnyumbuko wa kupinda wa karibu 0.11 kwenye uso wa nje. Hapo vitundu vingeweza kusema neno. Mdomo wa mm 10 ungeshusha hadi 0.07 kwa gharama ya tupa na msasa.

Mkifika huko, modeli ni ya Gurson ya 1977 kama ilivyorekebishwa na Tvergaard na Needleman mwaka 1984. Inasema bati lenye vitundu linalegea kadiri vitundu vinavyoongezeka, na vitundu vinakua haraka pale mkazo wa wastani unapokuwa mkubwa. Uwiano wa mkazo wa wastani kwa mkazo linganifu (namba moja inayowakilisha mikazo ya pande zote) ni 0.33 bati likivutwa upande mmoja, 0.58 upana ukizuiwa, na 0.67 likivutwa sawa pande zote. Namba mbili za marekebisho katika modeli hiyo, q1 na q2, huachwa 1.5 na 1. Zinabaki namba za vitundu vya mwanzo, vinavyozaliwa, na kile kiwango cha kuungana, na hapo ndipo watu hupotea: namba nne au tano, mstari mmoja wa kuvuta, na mchanganyiko mwingi unaoufuata mstari huo vizuri. Msizitafute kwa mstari wa kuvuta peke yake. Pimeni vitundu vyenyewe.

Njia nafuu ni uzito majini. 5083 nzima ina gramu 2.66 kwa sentimita ya ujazo. Kateni karibu na ufa, na kipande kingine mahali ambapo bati halikuvutwa. Kwa kipande cha gramu 20, vitundu vya asilimia 0.2 vinabadilisha uzito wa majini kwa miligramu 15 hivi, kitu ambacho mizani ya miligramu 1 inaona, mradi maji yawe na joto lile lile na mapovu yafutwe usoni. Vipande viwe na unyevunyevu sifuri kabla ya kupimwa hewani. Kwa hali yetu ya hewa, vikausheni na mvipime palepale.

Kuna wanaopendelea njia ya Lemaitre, ya kupima ugumu wa kurudi: D = 1 − E'/E, ambapo E ni ugumu wa bati zima, E' ni wa bati lililovutwa, na D ni uharibifu; hivyo ugumu ukishuka kutoka gigapaskali 70 hadi 63, uharibifu ni 0.10. Kwenye joto la kawaida ni safi. Kwenye nyuzi 250 bati linaendelea kutambaa mnapolishusha mzigo, na mteremko mnaousoma si wa ugumu peke yake. Vuteni moto, poozeni, ndipo mpime.

Jambo moja kuhusu wavu wa hesabu. Modeli yoyote inayolegeza bati hukusanya mvuto wote kwenye elementi moja, yaani kimojawapo cha vipande vidogo ambavyo kompyuta hugawia bati. Mkipunguza elementi kutoka mm 2 hadi mm 1, ufa unakuja mapema bila bati kubadilika. Ukubwa mliotumia kupata namba ndio mtakaotumia kwenye kifuniko. Na elementi za bamba zisiwe ndogo kuliko unene wa bati, mm 1.5, zikiwa na sehemu 5 hadi 7 za kuhesabia katika unene.

Sasa mtambo. Kalibu na kibanio viwe nyuzi 250, panchi ipitishwe maji ibaki kati ya 60 na 80. Kwa mm 20 kwa sekunde, ukuta unaogusa pua utapoa na kurudisha nguvu wakati ukingo bado laini. Jaribuni pia mm 5. Polepole huupa ukingo nafuu, lakini joto la ukingo nalo hupata muda wa kutambaa hadi ukutani. Hesabu ya pamoja ya joto na umbo ndiyo itakayowaonyesha kasi iliyo nzuri kuliko zote. Shinikizo la kibanio lianzie karibu megapaskali 1, mpande tu mikunjo ikitokea.

Angalieni nafasi kati ya panchi na kalibu. Chuma cha mm 300 kikitoka nyuzi 30 hadi 250 kinakua mm 0.8. Panchi iliyo nyuzi 70 inakua mm 0.14 tu. Nafasi inapanuka kwa mm 0.3 kila upande wa urefu, na karibu 0.2 kila upande wa upana. Kama mnataka mm 1.65 wakati wa kazi, lazima mchonge mm 1.33 na 1.43 baridi, chini ya unene wa bati. Maana yake kalibu hiyo isijaribiwe baridi kamwe, itakwangua ukuta. Na kifuniko chenyewe kikipoa kitanywea hadi mm 1.6 kwenye urefu, kwa kuwa alumini inanywea mara mbili ya chuma.

Kwa kuwa vifuniko vinakwenda baharini, msitumie kilainishi cha grafaiti. Mabaki yake kwenye alumini yenye chumvi yanaanza kula bati kwa umeme, kama ule wa metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi. Boroni nitridi ni salama zaidi. Na bati hili, lenye magnesi zaidi ya asilimia 3, likiachwa masaa mengi kati ya nyuzi 65 na 200 huota kwenye mipaka ya chembe zake tabaka linaloliwa na maji ya bahari. Dakika chache za kukandamiza kwenye 250 hazina neno, ila msiache rundo la vifuniko juu ya tanuri usiku kucha vijipoze. Mkiwa na shaka, jaribio la ASTM G67 linapima uzito unaopotea: chini ya miligramu 15 kwa sentimita ya mraba ni bati zima, zaidi ya 25 likataeni.

Kifuniko cha kwanza kitakachofika mm 70 msikifunge kwenye boti. Kikateni katikati na kwenye mshazari wa pembe, mpime unene kwa maikromita kila mm 10, mweke namba hizo juu ya zile za kompyuta. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 5 mahali popote, rudini kwenye m, mgusano wa joto na msuguano, kwa mpangilio huo. Zikikubaliana na bado mdomo wa kalibu unaonyesha nyufa ndogo usoni, hapo mpeni kijana Gurson yake.